Marekani: Matibabu badala ya kasho, lakini pesa zilifika nyuma ya sheria

Tarehe 1 Februari 2021, polisi wa jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, walianza kazi na sheria ambayo jimbo lingine lolote la nchi hiyo lilikuwa halijaijaribu. Mtu waliyemkuta barabarani na heroini isiyofika gramu moja, au kokaini isiyofika gramu mbili, hawakuruhusiwa tena kumfunga pingu na kumpeleka kasho. Walimwandikia karatasi ya amande ya dola 100 na kumpa nambari ya simu. Akipiga simu hiyo na kukubali kuulizwa maswali kuhusu afya yake, amande inafutwa. Asipopiga, na asipolipa, hakuna kitu kinachomfuata.

Simu haikulia. Ukaguzi wa serikali ya jimbo uliotolewa Januari 2023 ulionyesha kwamba katika miezi 15 ya kwanza watu 119 tu ndio waliopiga. Ukigawanya pesa zilizolipwa kwa huduma hiyo, kila simu moja iligharimu zaidi ya dola 7,000. Kwa makuta hayo, mtu wa Bukavu ananunua pikipiki nne za kazi na kubakia na pesa ya mafuta.

Wapinzani wa sheria hiyo wanapenda sana kutaja simu hizo 119, na wana haki ya kuzitaja. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini mpango ule ulianguka afadhali aangalie kalenda. Sheria ilianza siku ile ile iliyopangwa. Pesa za vitanda, za wauguzi na za watu wa kuwasindikiza wagonjwa zilikuja mwaka mmoja na zaidi baadaye, na katikati ya miezi hiyo watu walikufa.

Ushuru wa bangi kulipia matibabu ya heroini

Wakaaji wa Oregon walipiga kura tarehe 3 Novemba 2020, siku moja na uchaguzi wa rais. Pendekezo lenyewe lilikuwa na nambari 110, na karibu asilimia 58 ya wapiga kura walisema ndiyo. Hawakuwa wametekwa na wazimu. Tangu mwaka 1971, wakati rais Richard Nixon alipotangaza kwamba matumizi ya madawa ya kulevya ni adui nambari moja wa taifa, Marekani imekamata watu kwa mamilioni kwa sababu ya madawa. Wengi walitoka gerezani na kurudia dawa ile ile, safari hii wakiwa na doa kwenye faili yao, doa linalowanyima kazi na nyumba ya kupanga. Weusi walikamatwa kupita idadi yao. Na Oregon ilikuwa kati ya majimbo ya mwisho kabisa nchini kwa upande wa kumpatia matibabu mtu aliyekwisha kuwa mtumwa wa dawa, yaani mraibu.

Pesa hazikukosekana kwenye karatasi. Oregon iliruhusu biashara ya bangi kwa kura ya mwaka 2014, na serikali inakata ushuru wa asilimia 17 kwa kila mauzo. Pendekezo nambari 110 lilisema hivi: shule, polisi na wengine waliokuwa wakigawana ushuru huo wataendelea kupata dola milioni 45 kwa mwaka, na kila kinachozidi kitaingia katika mfuko wa matibabu. Kwa miaka miwili ya kwanza mfuko ulikuwa na dola milioni 302. Kuna kichekesho kidogo hapo, kwamba mvutaji wa bangi ndiye anayemlipia dawa mtumiaji wa heroini, lakini hesabu yenyewe ilikuwa nzuri.

Tatizo lilikuja kwenye kugawa. Sheria iliweka baraza la kuamua ni mashirika gani yatapata pesa, na ndani ya baraza hilo walikaa watu waliopitia uraibu wenyewe na watu waliofanya kazi nao kwa miaka mingi. Wazo hilo lina maana, kwa kuwa nani anajua njaa kuliko aliyelala nayo? Ila wengi wao hawakuwa wamewahi kusoma faili za kuomba mamilioni ya dola, na idara ya afya ya jimbo, iliyopaswa kuwasaidia, haikuwapa wafanyakazi wa kutosha wala maelekezo yanayoeleweka. Hayo yameandikwa na wakaguzi. Faili zilirundikana, tarehe zikasogezwa. Sehemu kubwa ya pesa ilitoka katika nusu ya pili ya mwaka 2022.

Hebu fikiria maana yake barabarani. Kijana mwenye heroini mfukoni anakutana na polisi katikati ya mwaka 2021. Polisi anamwandikia karatasi. Tuseme kijana huyo ni mmoja wa wale wachache waliopiga simu, na tuseme amesema kweli: nimechoka, nataka kuacha. Anayejibu anaweza kumpa nini? Jina la kituo chenye orodha ya kungoja. Mtu anayeacha heroini anaanza kuumwa baada ya saa chache tu, anatapika, anatetemeka, mifupa inamchoma. Mtu wa namna hiyo haweki rendevu ya wiki sita mbele.

Polisi nao waliona mambo hayo mapema. Karatasi ambayo haina adhabu nyuma na haina kitanda mbele ilikuwa kazi bure, na wengi wao waliacha hata kuziandika.

Kisha fentanili ikaingia

Kama heroini ingebaki ndiyo dawa ya barabarani, pengine Oregon ingepata muda wa kusahihisha makosa yake. Haikuupata. Miaka ile ile fentanili ilifika kwa wingi kwenye majimbo ya magharibi. Ni dawa ya maumivu inayotengenezwa kiwandani, yenye nguvu mara 50 kuliko heroini, rahisi kuficha na rahisi kuuza. Vidonge vyake vya bandia vinafanana na vya famasia. Mtu anaiwasha juu ya karatasi ya fedha, anavuta moshi, na akikosea kipimo kidogo anaacha kupumua.

Hayo yalikuja juu ya Covid, wakati vituo vilikuwa vimefungwa na watu wengi walikuwa wamepoteza nyumba. Katikati ya mji wa Portland hema zilijaa pembeni ya barabara, na watu walivuta fentanili mchana kweupe mbele ya maduka na vituo vya tramu. Mwaka 2023 zaidi ya watu 1,800 walikufa katika jimbo hilo kwa kuzidisha madawa, wastani wa watu watano kila siku. Oregon yote ina wakaaji milioni nne na kidogo. Januari 2024, gavana Tina Kotek, pamoja na viongozi wa mji na wa wilaya, walitangaza hali ya dharura ya siku 90 katikati ya Portland.

Je, sheria ndiyo iliyowaua watu hao? Watafiti wamebishana. Utafiti mmoja wa kiuchumi ulisema vifo viliongezeka kwa sababu yake. Mwingine uliotolewa mwaka 2024 katika jarida la chama cha waganga wa Marekani uliangalia tarehe ambazo fentanili iliingia katika kila jimbo, na ulipoondoa athari hiyo haukuona uhusiano kati ya sheria na vifo. Hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa majimbo jirani ambayo hayakubadilisha sheria yao yalizika watu vilevile fentanili ilipofika. Lakini mwenye duka anayeruka mtu aliyelala mlangoni kila asubuhi hasomi jarida la waganga. Anaona sheria mpya, anaona hema, anaunganisha.

Jirani wa kaskazini alianza na pesa

Saa tatu kwa gari kutoka Portland kuna mji wa Seattle, katika jimbo la Washington. Huko mpango wa kumpeleka mtu kwenye matibabu badala ya kasho ulianza Oktoba 2011, kimya kimya, katika kartie moja tu inayoitwa Belltown. Jina lake kwa kifupi ni LEAD.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi. Kwa miaka mingi mawakili wanaowatetea maskini waliishtaki polisi ya mji kwamba inakamata weusi kwa madawa kuliko wazungu wanaofanya kosa lile lile. Kesi zilizunguka mahakamani bila mwisho. Hatimaye pande zote zikachoka: wakili Lisa Daugaard upande mmoja, na polisi pamoja na mwendesha mashtaka wa wilaya, Dan Satterberg, upande wa pili, wakakaa meza moja na kuulizana ni nini kingine kinachoweza kufanyika.

Walichokubaliana ni hiki. Polisi akimkamata mtu na dawa kidogo, au mwanamke anayejiuza ili apate pesa ya dawa, kabla ya faili kwenda kwa mwendesha mashtaka anapiga simu kwa mfanyakazi wa jamii. Huyo anakuja mwenyewe, hata usiku, na kuondoka na mtu huyo. Hapewi nambari ya simu tu. Anapewa mtu. Ndani ya siku 30 lazima amalize mahojiano ya kuingia katika mpango, na faili yake inawekwa pembeni. Halazimishwi kuacha dawa siku hiyo. Kwanza wanamtafutia mahali pa kulala, kitambulisho kilichopotea, viatu, muganga, na kama anataka, metadoni. Hiyo ni dawa ya kunywa inayozuia maumivu ya kukosa heroini bila kumlewesha, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi.

Kuna jambo ambalo watu wa Oregon walipaswa kuliangalia vizuri: miaka ya kwanza ya LEAD ililipiwa na mashirika binafsi ya hisani. Mshahara wa wafanyakazi na pesa za nyumba vilikuwa tayari kabla ya mtu wa kwanza kuchukuliwa. Mji na wilaya waliingiza bajeti yao baadaye, walipokwisha kuona matokeo. Na matokeo yalikuwepo. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Washington walitangaza kwamba uwezekano wa mtu wa LEAD kukamatwa tena ulikuwa chini kwa asilimia 58 kuliko wa mtu aliyepitishwa njia ya kawaida ya kasho na mahakama. Mji wa Santa Fe uliiga mwaka 2014, na Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, mwaka 2016.

Kasoro yake ni kwamba ni ndogo. Mfanyakazi mmoja hawezi kubeba watu mia. Akipewa watu 20 au 25 tayari siku yake imejaa. Ukitaka kupanua mpango unaajiri, na kuajiri ni bajeti ya kila mwaka, si zawadi ya mara moja.

Jimbo la Washington lilijua hilo kwa ghafla tarehe 25 Februari 2021, wiki chache baada ya sheria ya Oregon kuanza. Mahakama ya Juu ya jimbo ilifuta sheria yote iliyoadhibu kubeba madawa. Kesi yenyewe ilihusu mwanamke wa mji wa Spokane ambaye alikutwa na dawa kidogo ndani ya mfuko mdogo wa suruali, suruali ambayo alisema alipewa na rafiki. Sheria ya zamani haikumtaka mwendesha mashtaka kuonyesha kwamba mtu alijua amebeba nini, na majaji wakasema hiyo haiwezekani. Wabunge wakajikuta hawana sheria wala mpango. Walichofanya ni kuandika haraka kwamba polisi, mara mbili za kwanza, lazima amwelekeze mtu kwenye huduma, na wakaweka pesa za kuanzisha katika kila eneo la jimbo timu zinazofanana na zile za LEAD. Mei 2023 walirudisha adhabu kwa kiasi, lakini timu zile zilibaki.

Ureno, mwalimu aliyenukuliwa nusu

Walioandika sheria ya Oregon walisema wanafuata Ureno, na kweli nchi hiyo ya Ulaya iliacha kufunga watu kwa dawa ya matumizi yao tangu Julai 2001. Wakati huo ilikadiriwa kwamba Wareno karibu 100,000, mtu mmoja kwa kila mia, walikuwa wanatumia heroini. Hakukuwa na familia isiyomjua mmoja wao.

Lakini Ureno haikumpa mtu karatasi na kumwacha aende. Anayekutwa na dawa isiyozidi matumizi ya siku kumi anaitwa mbele ya tume ya watu watatu: mtu wa sheria na wengine wa afya au wa huduma za jamii. Kila eneo lina tume yake. Wanaongea naye, wanapima kama ni mgonjwa au ni mtu wa kujaribu tu, na akiwa mgonjwa kituo kipo, mara nyingi karibu, na matibabu hayalipwi. Asipofika mbele ya tume wanaweza kumpa adhabu, kama amande au kumnyima leseni fulani. Muganga João Goulão, aliyekuwa katika kikundi kilichoandaa mpango huo na akauongoza kwa miaka mingi, amewaeleza wageni wengi kwamba kubadilisha sheria bila kujenga huduma hakutibu mtu. Wabunge na polisi wa Oregon walikwenda kujionea mwishoni mwa mwaka 2023. Safari hiyo ilikuja miaka mitatu baada ya kura.

Na Ureno yenyewe ina funzo chungu. Mwaka 2012, wakati wa mgogoro wa uchumi, serikali ilivunja taasisi iliyosimamia kila kitu na kugawa kazi zake kati ya idara za afya za mikoa, huku bajeti ikipunguzwa. Sheria haikuguswa hata herufi moja. Miaka kumi baadaye wakaaji wa Porto walianza kulalamika tena kuona sindano barabarani.

Oregon yarudi nyuma, nusu njia

Tarehe 1 Aprili 2024 gavana Kotek alitia saini sheria ya kurudisha adhabu, na ikaanza kazi tarehe 1 Septemba mwaka huo. Sasa kubeba dawa kidogo ni kosa tena. Mtu anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18, na akivunja masharti hayo anaweza kufungwa hadi siku 180.

Ila wabunge waliacha mlango mmoja wazi. Kila wilaya, na Oregon ina wilaya 36, inaruhusiwa kuanzisha njia yake ya kumgeuza mtu kabla hajafikishwa mahakamani, na jimbo linatoa pesa kwa wilaya inayokubali. Wilaya nyingi zilikubali, nyingine zilikataa. Matokeo ni kwamba kijana huyo huyo, na gramu ile ile, akivuka mpaka wa wilaya anabadilisha hatima. Huku atakutana na mfanyakazi wa jamii na kahawa ya moto. Kule atakutana na jela. Kuna wilaya inayompa mtu nafasi moja tu, na kuna inayompa kadhaa.

Portland yenyewe iko katika wilaya ya Multnomah, na huko kituo cha kuwapokea watu kilichelewa kufunguliwa. Kilipangwa kuanza siku moja na sheria. Kilifunguliwa Oktoba 2024, ndani ya jengo lililokuwa zamani la kiwanda cha uchapishaji, baada ya mabishano na majirani waliokuwa na wasiwasi kwa sababu ya shule ya watoto wadogo iliyo karibu. Polisi anamleta mtu, muuguzi anamwangalia, mwingine anaongea naye. Kwa masharti ya mwanzo, akitumia angalau huduma moja aliyoelekezwa ndani ya siku 30, amemaliza na hashtakiwi. Mwendesha mashtaka mpya wa wilaya, Nathan Vasquez, aliyeingia kazini Januari 2025 baada ya kuahidi ukali, aliona masharti hayo ni mepesi mno.

Ubishi wa masharti unachukua nafasi kubwa katika magazeti ya huko. Swali la kitanda linachukua nafasi ndogo, ingawa ndilo la zamani zaidi. Kituo cha kupokea ni mlango tu. Mtu akisema ndiyo saa kumi alasiri, nani atampokea usiku huo?

Nani analipa kesho

Ushuru wa bangi hauwezi kutosha peke yake, na unapanda na kushuka na bei ya bangi sokoni. Kuna chanzo kingine kikubwa: kampuni zilizotengeneza, kusambaza na kuuza dawa za maumivu zilizoanzisha janga hili miaka ya 1990 zimekubali kulipa majimbo na wilaya za Marekani zaidi ya dola bilioni 50 kwa jumla, nyingine zikigawanywa kwa miaka 18. Pesa hizo zinapaswa kutibu watu. Kuna wilaya zilizonunua magari ya polisi.

Serikali kuu ya Washington nayo ilikuwa na mfuko wa kusaidia miji inayotaka kuwageuza watu kutoka kasho kwenda kwenye matibabu. Aprili 2025, Wizara ya Sheria ilifuta mamia ya misaada iliyokwisha kuahidiwa kwa mashirika ya usalama wa jamii na ya matibabu, baadhi yake katikati ya mkataba. Mfanyakazi anayelipwa na msaada wa namna hiyo anapata barua Jumanne, na Jumatano watu wake 20 hawana wa kumpigia simu.

Jambo hilo halikuishia Marekani. Tanzania ilianza kutoa metadoni katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014, nchi zote mbili zikisaidiwa sana na pesa za Marekani za kupambana na ukimwi. Vituo hivyo vimeonyesha kwamba hata katika ukanda huu mtu anayechoma heroini anaweza kurudi kazini, akinywa kikombe chake kila asubuhi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, swali la Portland likaruka bahari.

Na hapa kwetu?

Congo ilipata mtihani wake mwaka 2021, wakati bombe ilipoingia Kinshasa. Ni unga wa kahawia unaotoka katika chombo cha kusafisha moshi kwenye ekozi ya gari, unaochanganywa na vidonge na kuvutwa. Vijana walisimama barabarani wakiwa wameinama, hawasogei, kwa saa nyingi. Rais Félix Tshisekedi aliomba hatua zichukuliwe, na mwisho wa Agosti polisi waliwaonyesha waandishi wa habari karibu watu mia moja waliokamatwa: wauzaji, wezi wa vipuri na watumiaji, wote pamoja kwenye mstari mmoja.

Hoja inayotumika Seattle haifanyi kazi vizuri hapa, na ni afadhali kulisema wazi. Kule watetezi wa matibabu wanamwambia mlipa kodi kwamba kumfunga mtu kunagharimu jimbo pesa nyingi kila siku: chakula, muganga, walinzi. Hapa mtu akiingia kasho, ni mama yake anayebeba sahani. Gereza linaigharimu serikali kidogo kwa sababu familia ndiyo inayolilisha. Kwa hesabu hiyo kavu, waziri wa bajeti hana haraka yoyote ya kubadilisha kasho kuwa kitanda.

Kitanda chenyewe kipo mahali pachache. Bukavu watu wanajua SOSAME, Goma wanajua Tulizo Letu, vituo vya magonjwa ya akili vilivyoanzishwa na Mabradha wa Upendo, ambavyo hupokea pia vijana walioharibiwa na pombe kali na madawa. Mzazi anayemleta mtoto wake huko kwa kawaida hajatumwa na polisi wala na prokirere. Amekuja kwa mguu wake, baada ya kuuza kitu, na mara nyingi mtoto huyo alikwisha kupita kasho mara mbili au tatu, na mara zote sahani ilitoka nyumba ile ile.